Namba Zinagoma Kulingana: Utatuzi wa Matatizo ya Kusoma Taarifa za Utayari wa Wanahewa wa Luftwaffe

Umeshusha kwenye kompyuta kurasa chache za nyaraka za Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Unatafuta jambo moja tu: kikosi fulani, siku fulani, kilikuwa na wanahewa wangapi wa kupanda vitani? Karatasi ya kwanza inakupa 41. Ya pili inakupa 22. Kitabu ulichonunua kwa bei ya kuumiza kinasema 36. Kikosi ni hichohicho, siku ni hiyohiyo.

Kabla hujamtuhumu karani wa Kijerumani kwa uongo, fikiria madereva wa ofisi yoyote ya serikali. Afisa utumishi akifungua ikama atakwambia 14. Akifungua orodha ya mishahara, 10. Asubuhi ya leo wanaoweza kukaa kwenye usukani ni 4, kwa sababu mmoja yuko likizo, wawili masomoni, mmoja anaumwa, mwingine ameazimwa na idara ya jirani, na yule kijana mpya leseni yake haijafika daraja linalotakiwa. Namba zote tatu ni za kweli. Luftwaffe nayo ilikuwa na zake tatu: Soll ni ikama, Ist ni waliopo, na einsatzbereit ni walio tayari kwa kazi. Asilimia kubwa ya malalamiko ninayoyasikia hutokana na mtu kuokota moja na kuitumia kujibu swali la nyingine.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Tafuta inayokusumbua, ila kama ndiyo kwanza unaanza, soma mbili za mwanzo kabla ya zote.

Dalili: kikosi kimoja kina namba mbili, moja ndani ya mabano

Kwa mfano 38 (29). Ya nje ni waliopo au zilizopo, ya ndani ni zile zilizo tayari. Ukijumlisha na kupata 67 umeharibu kila kitu, na usicheke, nimeshakutana na majedwali yaliyojumlishwa hivyo.

Tatizo la kweli ni kwamba mabano hayakwambii kinachohesabiwa ni kitu gani. Angalia kichwa cha safu. Ukiona *Flugzeuge*, hizo ni ndege. Ukiona *Besatzungen*, hapo wanahesabu makundi ya watu, kila kundi likiwa la ndege moja. Ukiona *Flugzeugführer*, ni marubani peke yao. Katika vikosi vya Bf 109 na Fw 190, ambamo mtu hupanda peke yake, rubani na Besatzung ni kitu kimoja. Lakini Ju 87 ilibeba 2, Ju 88 ilibeba 4, na He 111 kwa kawaida 5. Kwa hiyo Besatzungen 30 za Ju 88 ni watu 120, na ukiandika "marubani 120" umekifanya kikosi cha kawaida kuwa jeshi zima.

Kuna mtego mwingine humohumo. Kundi la watu wanne likipoteza mtu wa redio, watatu waliobaki hawakupata jeraha, wanakula na kulala kambini, lakini kama kundi hawapandi mpaka apatikane wa kuziba pengo. Namba ya makundi yaliyo tayari inaweza kushuka kwa kasi kuliko idadi ya majeruhi inavyoonyesha. Ukiona hivyo usitafute vita ambayo haikutokea.

Dalili: watu walio tayari hawalingani na ndege zilizo tayari

Hawakupaswa kulingana. Utayari wa ndege ni habari ya mafundi: injini, magurudumu, vipuri, baridi. Utayari wa watu ni habari ya mganga wa kikosi, ya shule za urubani na ya kamanda mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua kijana aliyefika juzi anafaa au bado. Karani aliziandika safu hizi mbili kwa kuwa kila moja ilikuwa na mwenyewe aliyetaka kuijua.

Ukitaka kujua kikosi kingeweza kupandisha ndege ngapi siku hiyo, chukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Ndege 24 na makundi 17 ni safari 17 kwa mkupuo mmoja, si 24. Ndege 15 na marubani 31 ni safari 15. Hali hii ya pili ilikuwa nafuu kidogo, maana marubani waliweza kupokezana.

Na hapa ndipo lilipo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Mtu anachukua zile taarifa za kila mwezi ziitwazo *Flugzeugbestand und Bewegungsmeldungen*, ambazo zimesalia kwa kipindi kirefu kati ya 1942 na 1944 na ni rahisi kuzipata, kisha anazitumia kueleza utayari wa wanahewa. Karatasi hizo hazina hata mtu mmoja. Ni daftari la stoo: mwanzo wa mwezi kulikuwa na ndege ngapi, zimeingia ngapi (mpya kutoka kiwandani, zilizotoka matengenezoni, zilizotoka vikosi vingine), zimetoka ngapi (kwa mkono wa adui, bila mkono wa adui, zilizopelekwa matengenezo makubwa, zilizohamishiwa kwingine), na zimebaki ngapi. Jipime nazo kwa hesabu ya darasa la tatu: 32 za mwanzo, 9 zimeingia, 14 zimetoka, lazima zibaki 27. Zisipobaki 27, umesoma safu vibaya. Ni karatasi nzuri sana, lakini ukiiuliza habari za watu itakunyamazia.

Dalili: asilimia ya utayari imepanda ghafla, na hakuna kilichotengenezwa

Tuseme kikosi kina ndege 30, zilizo tayari 15. Hiyo ni nusu, na makao makuu wamekunja uso. Wiki inayofuata ndege 8 mbovu kabisa zinapelekwa karakana kubwa ya nyuma, na zinafutwa kwenye daftari la kikosi. Zimebaki 22, zilizo tayari ni zilezile 15. Sasa ni asilimia 68! Hakuna fundi aliyeshika spana, na ripoti imependeza.

Si lazima iwe hila. Huo ndio uliokuwa utaratibu: ndege ikienda matengenezo makubwa si ya kikosi tena. Lakini ndiyo sababu ya kutoamini asilimia peke yake. Rudi kwenye namba kamili.

Kwa watu, mchezo uko kwenye kigawanyo. Kikosi chenye ikama ya makundi 36, waliopo 40, walio tayari 20, kina utayari wa asilimia 50 ukigawa kwa waliopo, na karibu 56 ukigawa kwa ikama. Vitabu viwili vinavyotoa asilimia tofauti kwa mwezi uleule huenda vimesoma karatasi moja na kugawa kwa namba tofauti. Alama ya asilimia penyewe utaikuta imeandikwa *v.H.*, yaani "katika mia".

Dalili: kuna safu ya tatu, "bedingt einsatzbereit", na hujui uwaweke wapi

Hawa ni walio tayari kwa masharti. Anaweza kupanda mchana lakini si usiku. Hali ya hewa ikiwa njema, lakini si kwenye mawingu. Pamoja na wazoefu, lakini si kuongoza. Ujerumani ilikuwa na vyeti maalumu vya kuruka kwa vyombo bila kuona nje, *Blindflugschein*, kwa madaraja, na rubani wa ndege ya mabomu asiyekuwa na cheti kinachotakiwa hakuweza kuhesabiwa sawa na mwenye nacho.

Ushauri wangu: usiwajumlishe na walio tayari kabisa, wala usiwatupe. Waandike peke yao. Safu hii ndiyo inayoonyesha shule zinaleta watu wa namna gani. Waliopo wakiwa wengi, walio tayari wachache, na katikati kundi nene la wenye masharti, ujue kikosi kimepokea vijana na kinamalizia kuwafundisha chenyewe, mbele ya adui. Kuelekea mwisho wa vita hilo lilikuwa jambo la kila siku: rubani mpya wa Kijerumani wa 1944 alifika kikosini na saa za kuruka zisizofika hata nusu ya zile za mwenzake wa miaka ya mwanzo ya vita.

Angalia pia kama namba yako imebeba kikosi cha nne. Kikosi kikubwa kiliitwa Geschwader; kiligawanywa katika Gruppe, na kila Gruppe katika Staffel. Geschwader za ndege za mabomu zilikuwa na IV. Gruppe kwa ajili ya kuwanoa wageni kabla ya kuwagawa kwa Gruppe tatu za mbele. Mtu akijumlisha Geschwader nzima bila kuitenga hiyo, anapata jeshi kubwa lenye utayari wa aibu, kumbe robo yake ni darasa. Kwa ndege za mapambano mambo yalikwenda tofauti: mafunzo hayo ya mwisho yalikusanywa mwaka 1942 kwenye vikosi vya akiba vilivyoitwa Ost, Süd na West.

Dalili: makundi mengi yameandikwa, matokeo hayaonekani

Mfano unaofaa kuusoma taratibu ni daraja la anga la Stalingrad, kuanzia mwishoni mwa Novemba 1942 hadi mwanzoni mwa Februari 1943. Jeshi la Sita la Ujerumani lililozingirwa lilihitaji angalau tani 300 kwa siku ili liishi. Wastani uliofika ulikuwa takriban theluthi moja ya hizo. Ukitazama tu idadi ya ndege za mizigo za Ju 52 na makundi yaliyoelekezwa kule, hesabu inakaribia kuwezekana, na unabaki kujiuliza tani zilipotelea wapi.

Zilipotelea kwenye neno "tayari". Ndege nyingi zilitolewa shuleni, pamoja na walimu wao, zikafika Tatsinskaya, uwanja zilikoanzia safari, bila vifaa vya baridi na bila redio za kufaa safari ile. Mwalimu wa kuruka kwa vyombo ni rubani hodari kuliko wengi, na kwenye safu ya waliopo ni mmoja. Lakini asubuhi ambayo mafuta ya injini yameganda, uhodari wake haupandishi kitu. Desemba 24 vifaru vya Wasovieti viliingia kwenye uwanja wenyewe wa Tatsinskaya, na ndege zilizobaki ziliruka katikati ya mizinga na ukungu. Mpaka mwisho zilipotea ndege 488, kati yake Ju 52 zikiwa 266.

Hasara ya pili haimo kwenye jedwali la kikosi chochote cha mbele. Walimu waliokufa kule hawakurudi darasani, na wanafunzi wao ndio hao utakaowakuta baadaye kwenye safu ya "kwa masharti". Kwa hiyo ukichunguza utayari wa 1943, usitafute chanzo ndani ya kikosi tu.

Dalili: kikosi kimetoweka, au kimezaliwa kikiwa na wazoefu watupu

Kimebadilishwa jina. Julai 1940 peke yake (JG ni Geschwader ya ndege za mapambano) I./JG 21 iligeuka kuwa III./JG 54, I./JG 76 ikawa II./JG 54, I./JG 20 ikawa III./JG 51, na I./JG 1 ikawa III./JG 27. Asiyejua atadhani vikosi vinne vimefutwa na vinne vimeundwa kwa miujiza. Oktoba 1943 vikosi vya Ju 87 vilivyoitwa StG viligeuzwa SG kwa mkupuo.

Hapohapo, chunga tarakimu za Kirumi. III./JG 54 ni Gruppe ya tatu, yenye ndege zipatazo 40. 3./JG 54 ni Staffel ya tatu, ndege 12 kwa ikama ya miaka ya mwanzo, tena haimo ndani ya Gruppe ya tatu, imo ya kwanza! Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni tatu nikishangaa kikosi kilivyopoteza robo tatu ya marubani kwa siku moja bila kupigana. Nilikuwa nimehama kutoka III. kwenda 3. bila kujijua.

Na kuanzia kiangazi cha 1944 hesabu yenyewe inahama. Gruppe za ndege za mapambano zilipoongezwa Staffel ya nne, namba zilipangwa upya. Zamani Staffel ya 4 ilikuwa ya kwanza katika II. Gruppe; baada ya mabadiliko, kwa kawaida ni ya mwisho katika I. Gruppe. Ukiwa unamfuatilia rubani wa 4. Staffel kutoka 1943 hadi mwisho wa 1944, hakikisha hujahamia kwenye meza ya watu wengine. Ikama nayo ilipanda: Staffel 4 zenye ndege 16 kila moja, na 4 za makao ya Gruppe, jumla 68. Asilimia ya utayari iliyokokotolewa kwa ikama ya 40 haiwezi kulinganishwa na iliyokokotolewa kwa 68.

Dalili: tarakimu hazisomeki, au zinasomeka na hazina akili

Moja ya Kijerumani iliyoandikwa kwa mkono ina mkia mrefu wa mbele, na macho yetu huiona 7. Saba yao ina mstari katikati. Mashine nyingi za chapa ziliweka J pahali pa I, basi *Jst* ni Ist, si neno jipya. Nukta katika 1.250 hutenga maelfu: ni elfu moja mia mbili na hamsini, wakati mkato ndio unaotenga desimali. Ukiingiza namba hizo kwenye jedwali la kompyuta lililopangwa Kiingereza, kompyuta itakupa ndege moja na robo na wala haitalalamika.

Dalili: taarifa mbili za siku moja zinapingana

Tafuta neno *Stand*. Tarehe iliyo mbele yake ndiyo siku ya hali inayoelezwa. Tarehe ya juu kabisa ya barua ni siku ilipochapwa. Taarifa za nguvu ya vikosi zilizokwenda kwa Mkuu wa Ugavi, *Generalquartiermeister*, idara yake ya 6, zilikuwa za kila siku kumi: tarehe 10, tarehe 20 na siku ya mwisho wa mwezi. Pembeni yake kulikuwa na taarifa za kila siku zilizopanda mkondo wa amri, kutoka Gruppe hadi Geschwader, kisha Fliegerkorps na Luftflotte, ngazi za juu zaidi, zikimwambia kamanda kesho ana nini mkononi. Mikondo miwili, wasomaji wawili. Ya jioni iliandikwa haraka, baada ya ndege ya mwisho kutua au kutotua. Ya ugavi ilipata muda wa kusahihishwa.

Kama unalinganisha na nyaraka za Uingereza, pima na saa. Ujerumani ilikaa kwenye saa za kiangazi mfululizo kuanzia Aprili 1, 1940 hadi Novemba 2, 1942. Agosti 1940 saa yao ilikuwa mbele ya ile ya London kwa saa moja. Kiangazi cha 1941 Waingereza walisogeza zao tena na zikawa sawa. Na wewe unayetafsiri kwa Kiswahili, ukiona 18.00 andika saa kumi na mbili jioni, usiandike saa kumi na nane.

Tafsiri za Kimarekani hutanguliza mwezi. 6/10 yao ni Juni 10, na ya Kijerumani 6.10. ni Oktoba 6. Inatosha.

Dalili: daftari la rubani linasema aliruka, kikosi kinasema hakuwa tayari

Fungua *Flugbuch* kwenye safu ya lengo la safari. *Werkstattflug* ni kuijaribu ndege iliyotoka kwa mafundi. *Überführungsflug* ni kuipeleka mahali. Hakuna kati ya hizo inayohitaji mtu awe tayari kwa vita. Ni *Feindflug* tu, safari ya kumkabili adui, ndiyo inayopingana na taarifa ya kikosi, na hata hapo usikimbilie kusahihisha: aliye "tayari kwa masharti" aliruhusiwa kupanda masharti yakitimia.

Kipimo cha kando ni beji ya safari za mbele, *Frontflugspange*, iliyoanzishwa Januari 30, 1941: shaba kwa safari 20, fedha kwa 60, dhahabu kwa 110. Rubani mwenye fedha ambaye unamhesabia safari 35 ana kurasa ambazo huna.

Kinyume chake pia hutokea: ndege imeandikwa kupotea asilimia 100, na rubani wake yupo tayari kesho yake. Asilimia hizo ni za uharibifu wa ndege, si za mtu. Chini ya 10 ni mikwaruzo. Kutoka 10 hadi 24 ni matengenezo madogo ya kikosini, na kuanzia 25 kazi inazidi kuwa nzito. Ikifika 60 ndege inafutwa, hata kama vipande vyake vingine vitachomolewa kutibu wenzake. Mia kamili ni ile iliyoangukia kwa adui, baharini au isiyojulikana ilipo. Aliyeruka kwa mwavuli juu ya uwanja wake na kurudi kwa miguu hakupungua hata nywele.

Aliyejeruhiwa naye hatoki kwenye waliopo siku hiyohiyo. Aliyelazwa hospitali, aliye likizo, aliyeazimwa kwingine, wote wanaweza kubaki ndani ya Ist kwa majuma, wakiwa wamekosekana tu kwenye safu ya tayari. Tofauti kati ya safu hizo mbili usiisome kama orodha ya waliokufa.

Dalili: karatasi zinaisha ghafla

Mwaka 1945, vita ikielekea ukingoni, sehemu kubwa ya kumbukumbu za Luftwaffe ilichomwa na wenyewe kwa amri. Shajara nyingi za vita za vikosi zilikwenda na moto huo. Orodha za hasara za Mkuu wa Ugavi ziko vizuri hadi mwisho wa 1943, halafu 1944 ni shimo. Kilichosalia upande wa Ujerumani kiko zaidi Freiburg im Breisgau, kwenye kumbukumbu za kijeshi za taifa: tafuta RL 2 III kwa Mkuu wa Ugavi, RL 7 kwa Luftflotte, RL 8 kwa Fliegerkorps, RL 10 kwa vikosi vya kuruka.

Kwa kuziba pengo kuna njia ya ajabu kidogo: soma barua za Wajerumani kwenye faili za maadui zao. Kuanzia Mei 1940 Waingereza wa Bletchley Park, kituo chao cha kufumbua siri, waliisoma mfululizo siri kuu ya Luftwaffe iliyofumbwa kwa mashine ya Enigma, na taarifa za jioni za utayari zilikuwa miongoni mwa chakula chao cha kila siku. Tafsiri hizo ziko kwenye kumbukumbu za taifa za Uingereza, Kew, London, na kundi la DEFE 3 ndilo la kuanzia. Lakini zina tabia mbili. Kilichonaswa ni kilichopita hewani. Kikosi kilichokuwa Ufaransa chenye waya wa simu hakikuhitaji redio, wakati cha Libya au Urusi kilihitaji. Ukimya wa faili si ukimya wa kikosi. Halafu tarakimu ndizo zilizoharibika kwa urahisi zaidi njiani. Neno lililopungua herufi utalikisia, ila 17 iliyogeuka 11 haina dalili yoyote usoni. Palipo na alama ya kuuliza, nakili na alama yake.

Dalili: makadirio ya Waingereza ni makubwa mno

Hawa hata wenyewe waligombana. Katikati ya 1940 idara ya upelelezi ya jeshi la anga iliamini Ujerumani ina ndege za mabomu 2,500 za mstari wa mbele. Walipoanza kuzisoma taarifa za Enigma walishusha hadi 1,250. Ugomvi haukuishia hapo. Mshauri wa Churchill, Profesa Lindemann, hakuziamini hesabu, na mwishoni mwa mwaka jaji aliyeitwa Singleton alipewa kazi ya kuwaketisha wahusika na kupima ushahidi. Sehemu ya mzozo ilikuwa hii: Staffel ina ndege 9 au 12? Jibu linategemea kama unahesabu zile 3 za akiba. Tisa kwa kumi na mbili, ukizidisha kwa mamia ya Staffel, ni jeshi zima lisilokuwepo. Walikuwa na wataalamu na majasusi, na wakanasa kwenye swali lilelile la ikama na waliopo. Basi wewe uliyenasa ukiwa mezani kwako usiku usione haya.

Dalili: walio tayari ni wengi, na bado hawakuruka

Kwa kipindi cha kuanzia Mei 1944, fikiria mafuta kwanza. Mei 12 mwaka huo ndege za Marekani zilianza kuvipiga viwanda vya mafuta ya makaa, Leuna kikiwemo, na miezi iliyofuata tangi zilikauka. Fomu za utayari hazikuwa na safu ya "tayari, ila hakuna cha kuweka kwenye tangi". Fundi ameitengeneza ndege, mganga amempitisha rubani, kamanda ameweka sahihi. Kwa fomu hiyo wako tayari. Tafuta habari za mafuta kwenye shajara za vita na amri za Luftflotte, huko ndiko utakapokuta safari zilizozuiwa.

Dalili: vyanzo vitatu vinakubaliana kabisa

Hii haitibiwi na wengi kwa sababu haiumi. Vitabu viwili na jedwali la mtandaoni vyote vinasema Besatzungen 34, tayari 19. Angalia kama vyote vina kosa moja dogo la pamoja: tahajia ya uwanja, tarehe ya *Stand* iliyorukwa, Gruppe iliyoandikwa kama Staffel. Likiwepo, huna vyanzo vitatu. Una karatasi moja iliyonakiliwa mara tatu, na bado hujaiona.